Kuchakachua: historia iliyojificha kwenye injini ya Land Rover

Ukitoka Itigi kuelekea Rungwa na hatimaye Chunya, utapita Mitundu, mkoani Singida. Kwa miaka mingi hii ilikuwa njia ya vumbi na vichaka, njia ya Land Rover za petroli. Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi, lakini naamini historia ya uchumi wetu inasomeka vizuri kwenye injini hizo kuliko kwenye hotuba nyingi.

Tuanze na moto wenyewe. Land Rover ya petroli ya lita 2.25, iliyotoka mwaka 1958, ina silinda nne, na moto unapita kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Ndani ya distributa kuna platini, vijichuma viwili vinavyogusana na kuachana. Vikiachana tu, koili inapeleka umeme mkali kwenye plagi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini inafunguka mara 100 kwa sekunde! Pengo lake ni kama milimita 0.4 tu. Utaratibu huu uliasisiwa na Mmarekani Charles Kettering, na gari la Cadillac lilikuwa nao tangu miaka ya 1910.

Sasa sikiliza dalili. Platini ikiungua haraka, shuku kondensa. Gari likiwa zito na injini ikichemka, huenda moto unachelewa. Injini ikigonga kwenye mlima, ama moto unawahi mno ama mafuta ni mabaya. Fundi hahitaji kompyuta. Anafunga balbu ndogo kati ya waya wa koili unaokwenda kwenye distributa na bodi, anazungusha distributa taratibu, na balbu ikiwaka tu anajua platini imefunguka. Basi, anakaza nati.

Historia inaingia hapo. Bei ya mafuta ilipaa mwaka 1973, ikapaa tena 1979, mwaka uleule tulipomaliza vita ya Kagera. Fedha za kigeni zikakauka, vipuri vikaadimika. Platini ya kutupwa ikapigwa msasa na kurudishwa kazini. Ni baada ya milango ya biashara kuanza kulegezwa mwaka 1984 ndipo vipuri vikarejea polepole, na baadaye yakaja magari yaliyotumika toka Japani, mengi yakiwa hayana platini kabisa.

Lakini likaja tatizo jingine, jamani... Mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo kuliko petroli, kwa hiyo wajanja wakachanganya. Mafuta ya taa hayahimili mgandamizo wa injini ya petroli, hulipuka ovyo, na injini inagonga. Fundi anachelewesha moto kidogo, mlio unapungua, mteja anashukuru. Kumbe ugonjwa uko kwenye tangi, siyo kwenye distributa! Ndiyo maana neno "kuchakachua" lilivuma mwaka 2010 mpaka likahamia kwenye uchaguzi.

Mwaka huohuo EWURA ikaanza kutia vinasaba kwenye mafuta. Kisha bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa toka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Faida ya kuchanganya ikafa. Safi, sivyo?

Ila jiulize, nani alilipa? Mchakachuaji alikuwa na kituo cha mafuta. Aliyepandishiwa bei ni mama wa kijiji kisicho na umeme, aliyenunua mafuta ya taa kwa kibaba ili mtoto asome usiku. Kosa la tangi la mjini likalipwa na koroboi ya kijijini.

Fundi mzuri hakubali kuficha mlio kabla ya kujua chanzo chake. Sera nayo ingefaa kufanya hivyo. Tukisikia kugonga, tuangalie kwanza mafuta yametoka wapi na nani amenufaika, halafu ndipo tuguse distributa.