Juu ya nini Kisangani haikujitenga hata siku moja



Tangu Goma na Bukavu zichukuliwe mwanzoni mwa 2025, hapa Kisangani kuko neno moja linarudi kila siku: wanataka kukata inchi vipande. Unalisikia nyuma ya toleka, unalisikia sokoni, unalisikia hata nje ya kanisa kisha ibada. Na karibu kila mara mazungumzo yanaishia palepale: mzalendo ni yule wa umoja, msaliti ni yule wa kujitenga, basi.

Mimi ni mtu wa agronomia, si mwanahistoria. Lakini sisi wa shamba tumefundishwa kwamba majani ya muhogo yakianza kuwa manjano, hautibu jani. Unachimba kuangalia mizizi na udongo. Nimejaribu kusoma historia ya mji wetu kwa namna hiyo. Naona jambo moja ambalo halisemwi sana: tangu uhuru, mji huu umetawaliwa mbali na Kinshasa mara tatu, na hata mara moja wenye kuutawala hawakusema wanafanya inchi ingine. Basi kama kila mtu hapa kwetu alipigania umoja, juu ya nini damu ilimwagika vile? Jibu langu ni hili: ugomvi wetu haukuwa tu juu ya umoja ao kujitenga. Ulikuwa juu ya nani anasema kwa jina letu, na nani alimtuma.

Tuanze na 1960. Congo ilipata uhuru ikiwa na majimbo sita. Katika uchaguzi wa mwezi wa tano, MNC ya Lumumba njo ilipata viti vingi kupita vyama vingine, lakini haikufikia hata theluthi moja ya viti 137 vya bunge. Nguvu yake kubwa ilikuwa hapa, katika Jimbo la Mashariki. Lumumba alifanya kazi ya posta Stanleyville, na fujo za mwezi wa kumi 1959 zilizofanya akamatwe zilitokea hapa. Yeye alitaka serkali moja yenye nguvu. Kasa-Vubu na Abako, Kalonji wa Kasai, na Tshombe wa Katanga walitaka majimbo yawe na uwezo mkubwa. Hiyo tofauti haikuwa dhambi. Ni swali ambalo inchi yoyote kubwa lazima ijiulize.

Tarehe 11 mwezi wa saba 1960, siku kumi na moja tu kisha uhuru, Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Mwezi wa nane Kalonji akafuata na Kasai ya Kusini. Mwezi wa tisa Kasa-Vubu akamfukuza Lumumba, kisha Mobutu akaingilia na jeshi. Lumumba akatoroka Léopoldville mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja akija kwetu, wakamkamata njiani huko Sankuru, na tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 akauawa Katanga.

Mwezi wa kumi na mbili 1960 Antoine Gizenga, aliyekuwa makamu wa Lumumba, alisimamisha serkali Stanleyville, na jenerali Lundula akishika askari. Misri, Ghana, Guinea, Mali, Muungano wa Sovieti na China walimtambua. Lakini angalia alichotangaza. Hakusema "hii ni Jamhuri ya Stanleyville". Alisema: sisi njo serkali ya Congo yote, ile bunge ilipigia kura, wale wa Léopoldville waliipokonya. Tshombe alifunga chumba chake kwa ufunguo. Gizenga alisimama sebuleni akasema nyumba yote ni yetu sisi tuliochaguliwa. Na mwezi wa nane 1961, wabunge walipokutana Lovanium na kumuweka Cyrille Adoula kuwa waziri wa kwanza, Gizenga alikubali kuwa makamu wake. Miezi michache baadaye alikuwa mfungwa.

Sasa turudi Katanga, juu huko njo kuko somo kubwa. Watu wanasema "Katanga ilijitenga" kana kwamba Katanga ilikuwa mtu mmoja. Hapana. Katika bunge la jimbo lenye viti 60, Conakat ya Tshombe ilipata 25. Balubakat ya Jason Sendwe, chama cha Waluba wa kaskazini, ilikuwa karibu sana nyuma yake pamoja na washirika wake. Wakasusia kikao ili serkali ya jimbo isiundwe bila wao. Kabla ya uhuru Bruxelles ikabadilisha sheria, na Conakat ikaunda serkali yake. Kwa hiyo siku Tshombe alipotangaza Katanga imejitenga juu haikusikilizwa na Léopoldville, kaskazini ya Katanga yenyewe haikusikilizwa na Elisabethville. Ikapigana. Mwezi wa kwanza 1961 askari wa Stanleyville walifika mpaka Manono kuwasaidia. Mwenye kulalamika kwamba mkubwa anamnyima sauti, naye alikuwa anamnyima jirani yake.

Ugonjwa huu hauko wa Congo peke yake. Waangalie Wasomali, ambao safari yao ilianza wiki moja na yetu. Kaskazini, iliyokuwa chini ya Uingereza, ilipata uhuru tarehe 26 mwezi wa sita 1960. Tarehe 1 mwezi wa saba ikajiunga na kusini iliyokuwa chini ya Italia, kwa furaha kubwa. Lakini mji mkuu ulikuwa Mogadishu na vyeo vikubwa vilienda kusini, na 1961 chama kikubwa cha kaskazini kilisusia kura ya katiba. Hapo hakuna mtu aliyekuwa anasema kujitenga. Walikuwa wanauliza nafasi yao. Halafu likaja jeshi la Siad Barre, na 1988 mji wa Hargeisa ukabomolewa kwa mabomu ya serkali yake yenyewe. Tarehe 18 mwezi wa tano 1991, Somaliland ikatangaza kwamba muungano umekwisha.

Ukisoma mpaka hapo unaweza kusema: haki yao. Lakini endelea. Mashariki ya Somaliland, katika mji wa Las Anod, kuko watu wengi ambao hawakutaka kutoka Somalia. Mwaka wa 2023 vita vikawaka huko, na mwezi wa nane askari wa Somaliland wakaondolewa. Wazee wa huko walisema juu ya Hargeisa maneno yaleyale ambayo Hargeisa ilisema juu ya Mogadishu: mnaamua bila sisi. Ni Manono na Elisabethville tena, miaka sitini baadaye. Na upande wa Mogadishu, walipotafuta dawa, waligawa viti vya bunge kwa hesabu ya koo, ile wanaita "nne na nusu": koo kubwa nne sehemu sawa, na wengine wote nusu. Hiyo ilisaidia watu wakae meza moja. Lakini fikiria wewe unazaliwa katika ile nusu.

Sisi nasi tuko na historia chungu ya upande wa umoja. Mwezi wa nane 1964 Simba wakaingia Stanleyville, na tarehe 5 mwezi wa tisa Christophe Gbenye akatangaza Jamhuri ya Watu wa Congo. Tena si kujitenga. Walisema wanarudisha Congo ya Lumumba. Na huko Léopoldville nani alikuwa waziri wa kwanza, mwenye kutetea umoja wa taifa? Tshombe. Mtu yuleyule wa Katanga! Mwaka mmoja na nusu kisha Katanga kushindwa, alikuwa anatuma askari wa kukodiwa kurudisha Stanleyville ndani ya inchi ambayo yeye aliikata. Kwa hiyo neno "umoja" ni koti. Yeyote anaweza kulivaa asubuhi.

Na wale waliosema wanapigania jina la Lumumba, mbele ya mnara wake waliua makarani, walimu na watumishi wa serkali, watu waliosoma. Sisi wahitimu wa leo tufikirie hilo. Kisha tarehe 24 mwezi wa kumi na moja wakashuka paratrupa Wabelgiji kutoka ndege za Marekani, na waliofuata kufa ni wale walioshukiwa kuwa Simba. Raia wa mji huu hakuulizwa na upande wowote.

Mara ya tatu wazazi wetu wanaikumbuka vizuri. RCD iliingia Kisangani mwezi wa nane 1998. Nayo ilisema inataka Kinshasa, si inchi mpya. Ikapasuka 1999, Wamba dia Wamba akabaki hapa, na wenye kuwaunga mkono, Rwanda na Uganda, wakapigana katikati ya mji wetu. Vita vya Siku Sita, kutoka tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, viliua mamia na mamia ya raia kwa ugomvi ambao haukuwa wao. Mwaka 2022 Korti ya Kimataifa ya Haki iliamua Uganda ilipe Congo dola milioni 325, na familia za Makiso na Tshopo zikaanza kupanga foleni na makaratasi yao. Amani ilipotiwa sahihi, tulipewa raisi mmoja na makamu wanne. Viti viligawanywa kwa makundi, na makundi yaliyokuja na bunduki yakapata sehemu nono. Hiyo nayo ni aina ya uwakilishi, lakini inafundisha vijana somo baya: anayetaka kusikilizwa atafute silaha kwanza.

Wengine watasema dawa ni kugawa majimbo ili serkali ikaribie watu. Tumejaribu, si mara moja. Kati ya 1962 na 1963 majimbo sita yakawa 21. Jimbo letu likazaa Haut-Congo, Uele na Kibali-Ituri. Mobutu akayarudisha kuwa machache tangu 1966. Katiba ya 2006 ikasema 25 pamoja na Kinshasa, na 2015 Jimbo la Mashariki likagawanywa kuwa Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele. Tshopo peke yake ina kilometa mraba karibu 200,000, kubwa kupita majimbo yote, na teritware saba.

Je, kukata kiwanja kunaongeza mavuno? Hapana. Kunasaidia tu kama kila kipande kinapata mbegu, mikono na barabara ya kutoa mazao. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki majimboni. Kila gavana tangu hapo analia kwamba haibaki. Gavana na maseneta hatuwachagui sisi; wanachaguliwa na wabunge wachache wa jimbo ndani ya ukumbi. Mwezi wa kumi na mbili 2023 sisi wa mjini tulipigia kura washauri wa komini. Mkulima wa Opala ao wa Yahuma, katika sekta yake, hata hiyo hakuipata. Na tangu 2023 Wambole na Walengola wameuana juu ya udongo. Natembea vijiji kwa kazi yangu, na nawaambia: ugomvi wa shamba unageuka vita pale ambapo hakuna mtu aliyechaguliwa ambaye pande zote mbili zinaweza kwenda kumgongea mlango.

Kwa hiyo sisemi tukubali inchi ikatwe. Katiba yetu inasema Congo ni moja na haigawanyiki, ndani ya mipaka ya tarehe 30 mwezi wa sita 1960, na mimi nasimama hapo. Lakini umoja ambao mtu wa Yahuma anausikia tu redioni, ni umoja mkavu. Tshombe hakuanza na mabomu. Alianza na watu waliosikia hawahesabiwi, akawauzia mlango wa kutokea, na nyuma yake walikuwako wenye kampuni za shaba wakimlipia. Wauzaji wa milango hawajakwisha. Dawa yao si kupiga kelele "umoja" kwa nguvu kuwapita. Dawa ni kuwapunguzia wanunuzi.

Naomba tufanye jambo moja dogo kama chama. Kila mmoja aandike hapa chini jina la teritware yake, na mara ya mwisho mbunge wa jimbo aliyechaguliwa huko alipofika kukaa na watu kuwaeleza anachofanya. Tusitukane mtu, tuandike tu mwaka. Kisha tuwapelekee hiyo orodha.