Joto Nyuma ya Kupe: Ng'ombe wa Maziwa wa Kigeni Afrika ya Mashariki

Katika historia ya ufugaji wa ng'ombe wa maziwa Afrika ya Mashariki, joto lilichelewa kutajwa miongoni mwa maadui, kwa kuwa aliyeua waziwazi alikuwa kupe. Ndigana kali, maradhi yanayoenezwa na kupe, yalihusishwa na mwambao tangu Robert Koch alipochunguza ng'ombe wa Dar es Salaam mnamo 1897 na 1898, na jina la homa ya pwani likayafuata hata bara. Kwa hiyo ng'ombe wa Ulaya alipodhoofika katika nchi za chini, lawama ilikwisha kupata mwenyewe. Walowezi wa Kenya waliojenga biashara ya maziwa na siagi, na mwaka 1925 wakaunda ushirika wa Kenya Co-operative Creameries, walifugia nyanda za juu, ambako baridi ya usiku iliwafaa wanyama wao bila mtu kuihesabia sifa yoyote.

Majosho yalipopunguza kupe, ilidhihirika kwamba ng'ombe aliyenusurika hakuwa lazima ng'ombe anayekamuliwa vizuri. Sababu imo tumboni mwake. Katika tumbo kuu, yaani chumba kikubwa ambamo vijidudu huchachusha majani, huzaliwa joto jingi, na utengenezaji wa maziwa huongeza jingine. Hivyo kadiri ng'ombe anavyozidi kutoa maziwa ndivyo anavyozidi kuwa tanuri. Friziani, ambaye hali yake ni nzuri panapokuwa na takriban nyuzi 5 hadi 25 za Selsiasi, hupunguza kula ili apunguze joto la ndani, hutweta, hudondosha mate ambayo yangezimua asidi ya tumbo kuu, na mara nyingi hupandishwa bila kushika mimba. Zebu, ng'ombe mwenye nundu, hutoa jasho kwa wepesi zaidi na mwili wake huzalisha joto dogo, lakini maziwa yake nayo ni machache. Na katika mvutano huo ndimo ilimozunguka kazi yote ya wazalishaji wa mbegu.

Jibu moja lilitafutwa Mpwapwa, katika kituo cha mifugo kilichoanzishwa na Wajerumani, ambako baadaye, chini ya Waingereza, zebu wa Tanganyika walichanganywa na Sahiwal wa Punjab na Sindhi Mwekundu, jamii mbili zilizokwisha kuzoea majira ya joto kali ya Bara Hindi, pamoja na damu kidogo ya Ulaya. Mwishoni mwa miaka ya 1950 chotara hao walihesabiwa kuwa jamii yenye jina lake, Mpwapwa. Kenya nayo iliagiza Sahiwal na kuwatunza Naivasha, mahali penye ubaridi wa kutosha kumfaa hata Friziani, jambo lenye kichekesho chake. Hata hivyo Mpwapwa hawakuenea sana, maana mfugaji aliyesikia habari za lita nyingi alimtaka ng'ombe mwenye madoa meusi na meupe.

Mtihani mgumu zaidi ulikuwa Tanga, kwa kuwa Mpwapwa ni pakavu na usiku wake hupoa, ilhali mwambaoni unyevu wa hewa huzuia jasho kukauka na usiku hauleti nafuu kubwa. Mradi wa maziwa ulioanza huko katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi ulifundisha wafugaji wadogo katika kituo cha Buhuri na kuwapa mitamba chotara, nao walilipa kwa kurudisha mtamba. Ng'ombe walifungiwa bandani, wakakatiwa majani, mpango ambao kwa kawaida husifiwa kwa kuwaepusha na kupe, ingawa paa lilikuwa na faida yake nyingine ya kumkinga mnyama na jua la mchana. Lakini kila mtamba aliyepandishwa tena kwa Friziani alizaa ndama mwenye damu nyingi zaidi ya nchi za baridi, na banda lililomtosha mama likawa dogo kwa mahitaji ya mwana: paa lililoinuliwa zaidi, kuta zilizo wazi kwa upepo wa bahari, maji mchana kutwa, na majani yanayowekwa horini jioni, ili joto la uchachushaji lifike kilele chake jua likiwa limekwisha kuzama.