Kifungua Mimba na Jina Kwenye Taito

Vikao vya kugawa shamba huku Nyeri vina wahusika wao. Kuna mzee wa kanisa, kuna shosho ambaye hakuna anayemuuliza kitu, na kuna kaka mkubwa aliyekuja na Biblia. Anajua vizuri atakapoifungua: Kumbukumbu la Torati, sura ya 21. Mzaliwa wa kwanza apewe mafungu mawili. Imeandikwa, kwani nani atabishana na Musa?

Shida ni kwamba anaanza kusoma katikati. Anza mstari wa 15 na mambo yanabadilika. Mzee ana wake wawili, mmoja anampenda, mwingine hamtaki, na kifungua mimba ametoka kwa yule asiyetakiwa. Sheria inamwambia huyo mzee hawezi kumruka mtoto wa mke aliyechukiwa ili ampe nafasi mtoto wa kipenzi chake. Yaani sheria yenyewe iliwekwa kumzuia baba, na aliyelindwa ni mtoto wa mama aliyesukumwa pembeni.

Na mafungu mawili si shamba lote. Ndugu wakiwa wawili, mali inakatwa mara tatu na mkubwa anachukua mbili. Wakiwa wanne, inakatwa mara tano. Wasomi wengi wa Biblia hulieleza fungu la ziada kama gharama ya kazi: mkubwa ndiye atabaki na mama mjane na dada ambao hawajaolewa. Mambo ya mkubwa kubeba ardhi yote yalikuwa ya makabaila wa Uingereza, na hata wao walikuja kuyafuta kwenye sheria yao ya urithi ya 1925. Isitoshe, Biblia haimbembelezi kifungua mimba. Esau aliuza haki yake kwa sahani ya dengu. Reubeni alinyang'anywa yake kwa kulala na suria wa baba, ikaenda kwa wana wa Yusufu.

Wamisionari wa Kiskoti walipofungua Tumutumu karibu na Karatina mwaka 1908, waliwakuta Wakikuyu na utaratibu wao. Jomo Kenyatta aliueleza katika kitabu chake cha 1938, *Facing Mount Kenya*. Baba akifa, mwana mkubwa anakuwa mũramati, yaani mlezi wa ardhi. Kila nyumba inabaki na sehemu ambayo mama yake alikuwa akilima. Mũramati anasimamia, anaamua ugomvi, anapokea wageni, lakini hawezi kuuza bila ndugu zake kukubali. Ukilinganisha na Musa, huyu alipewa kazi bila fungu la ziada. (Mabinti nao walisahaulika, kwa hivyo tusiuvishe utaratibu huo kanzu ya malaika.)

Kilichovuruga kila kitu hakikutoka kwenye Biblia. Mwaka 1954, katikati ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton. Vishamba vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, vikaandikishwa. Mpango ulisema wazi kwamba wengine watapata ardhi zaidi na wengine wataikosa kabisa, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida ya nchi kukua. Wanaume wengi walikuwa kizuizini wakati huo. Karani alihitaji jina la kuandika, na mara nyingi familia ilimtoa mũramati, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Hakuna aliyedhani amempa mtu shamba.

Kisha ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963. Aliyeandikwa ni mwenye mali kamili. Kifungu cha 143 kilikuwa kikatili zaidi: usajili wa kwanza haungeweza kurekebishwa na korti, hata kama ulipatikana kwa udanganyifu. Mlezi akageuka mmiliki, na watoto wake wakakua wakiambiwa baba zao wadogo ni maskwota. Majaji walivutana kwa miaka mingi, mmoja akisema taito ni taito, mwingine akisema kaka mkubwa ameshikia wenzake.

Jibu lilikuja Oktoba 2018, kutoka upande mwingine wa mlima. Katika kesi ya familia moja ya Meru, Mahakama ya Juu ilisema amana ya kimila inamfunga mwenye taito. Unayedai uonyeshe kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya kusajiliwa, kwamba wewe ni wa ukoo huo na uhusiano wako si wa mbali mno, na kwamba ungeandikwa kama si mambo fulani kuingilia kati. Si lazima uwe unaishi hapo. Kwa urithi wa kawaida, Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, haina fungu la kifungua mimba. Mzee mwenye nyumba mbili akifa bila wosia, mali hugawanywa kwa hesabu ya watoto wa kila nyumba, mabinti wakiwemo, na mjane akihesabiwa kama mmoja zaidi.

Kwa hivyo Biblia ya kaka mkubwa haitamsaidia kortini, hata akiisoma vizuri. Kitakachohesabika ni ushahidi wa nani alilima wapi kabla ya wapimaji kufika, na huo hauko kwenye rejista. Uko kwa yule shosho wa kwenye kikao. Kama alikuwa msichana miaka ya 1950, huenda ana miaka 80 au zaidi sasa. Mrekodi kwa simu wikendi hii.