Programu za 'kufungua' magemu bure: Mambo ya kujua kabla hujabonyeza linki

Umeliona gemu kwenye Steam, bei imekushinda. Mshkaji anakutumia linki ya Telegram: kuna kiprogramu ukikiweka kwenye laptopu, gemu lolote linajitokeza kwenye akaunti yako kama vile umelilipia. Dakika tano tu, hutoi hata senti.

Ni kweli, baadhi ya programu hizi zinafanya kazi. Shida ni vile vinavyoingia pamoja nazo.

Zinafanyaje kazi?

Kwenye Steam, jukwaa la kampuni ya Valve ya Marekani lililoanza mwaka 2003, kila gemu lina namba yake. Magemu mengi yakifunguliwa huiuliza kwanza programu ya Steam: huyu analimiliki kweli? Jibu likiwa ndiyo, unacheza.

Programu za pembeni hujipenyeza katikati ya mazungumzo hayo. Nyingine hubadilisha faili linalopeleka jibu, nyingine huidanganya Steam yenyewe, ili jibu liwe 'ndiyo' kila mara.

Ili zifanye hivyo ni lazima ziguse mafaili ya programu nyingine. Ndiyo maana nyingi hukutaka uzime antivirusi na uzipe ruhusa ya juu kabisa kwenye Windows. Yaani umemfukuza mlinzi, halafu mgeni umempa funguo za nyumba nzima.

"Hilo onyo la antivirusi ni la uongo, lipuuze," utaambiwa. Wakati mwingine ni kweli, kwa sababu antivirusi hushtuka ikiona faili lolote lililochezewa. Lakini wewe utajuaje lipi ni la uongo na lipi ni la kweli?

Yaliyokwishatokea

Juni 2021, kampuni ya usalama ya Avast ilitoa taarifa kuhusu kirusi kilichoitwa Crackonosh. Kilifichwa ndani ya magemu ya wizi kama GTA V, NBA 2K19 na Pro Evolution Soccer 2018. Kilizima antivirusi na masasisho ya Windows, kisha kikaifanya kompyuta ichimbe sarafu ya mtandaoni ya Monero kwa faida ya wahalifu. Avast ilihesabu zaidi ya kompyuta 222,000 zilizoathirika, na wahalifu kuvuna zaidi ya dola milioni 2.

Mwaka 2025, Kaspersky nayo ilieleza shambulio la StaryDobry lililoanza Desemba 31, 2024, likitumia nakala za magemu kama BeamNG.drive na Garry's Mod. Lengo lilikuwa lile lile: kuchimba Monero.

Hivyo ukiona laptopu inachemka na feni inapiga kelele wakati huchezi chochote, usiseme tu ni uzee.

Akaunti nayo

Mwizi hahitaji nenosiri lako. Ukishaingia Steam, kompyuta hutunza faili la kukutambua ili usiulizwe kila siku. Likinakiliwa, mwizi anaweza kuingia kama wewe.

Pia, kwa masharti ya Valve, hununui gemu bali leseni ya kulitumia. Ukivunja masharti, akaunti inaweza kufungwa pamoja na magemu uliyoyalipia kwa jasho lako. Na ukikamatwa na mfumo wa VAC unaosaka mafaili yaliyochezewa kwenye mechi za mtandaoni, adhabu ni ya kudumu na Valve haijadiliani.

Wa simu je?

APK za magemu 'yaliyofunguliwa' ni mchezo ule ule. Gemu la mpira likiomba kusoma SMS zako, jiulize linataka nini huko, kwenye meseji za benki na namba za uthibitisho.

Sheria inasemaje?

Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ukiukaji wa haki miliki kwa kutumia kompyuta. Kenya, Sheria ya Hakimiliki inakataza kukwepa kinga za kiufundi zinazolinda kazi ya mtu.

Kama umeshaiweka

1. Zima intaneti kwenye kompyuta hiyo.

2. Tumia kifaa kingine, mfano simu, kubadilisha nenosiri la barua pepe, kisha la Steam. Ukibadilishia kwenye kompyuta ile ile, unaweza kumkabidhi mwizi nenosiri jipya.

3. Kwenye mipangilio ya Steam Guard, toa vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti.

4. Washa antivirusi, kagua kompyuta nzima. Ukiwa bado na wasiwasi, hifadhi picha na nyaraka zako, kisha weka Windows upya.

Vya bure vya halali vipo

Epic Games Store hutoa gemu la bure kila wiki, na ukilichukua linabaki lako. Dota 2, Counter-Strike 2 na eFootball huchezwa bila kulipia. Steam hushusha bei mara kadhaa kwa mwaka, na ukinunua gemu lisikupendeze unaweza kuomba kurudishiwa hela ndani ya siku 14, mradi hujalicheza zaidi ya saa 2.

Bando la kupakua gemu la wizi na la kupakua gemu la halali ni lile lile. Tofauti utaiona baadaye.