SMG, SAR na shotgun: Fahamu magazini na kwa nini haziingiliani

Ukifuatilia taarifa za polisi baada ya matukio ya ujambazi Geita, Kahama au Shinyanga mjini, majina haya siyo mageni: SMG, SAR, shotgun, Mark IV, gobore. Mara nyingi huongezwa idadi ya risasi na "magazini moja".

Kwa watu wengi magazini ni magazini tu. Lakini siyo kila magazini inaingia kila bunduki, na kuna bunduki ambazo magazini yake huioni kabisa. Kwa mlinzi wa mgodini, au mchimbaji aliyeokota kitu porini, kutojua tofauti hiyo kunaweza kugharimu maisha.

Magazini ni nini?

Ni kasha linalobeba risasi na kuzilisha kwenye bunduki. Ndani kuna springi na kibao kinachosukuma risasi juu. Boliti ya bunduki ikienda mbele, inaichukua risasi ya juu na kuiingiza kwenye chemba, yaani sehemu inakofyatuliwa.

Bunduki ya nusu otomatiki hurudia kazi hiyo yenyewe, ila kila ukivuta triga inatoka risasi moja. Ya otomatiki kamili huendelea kufyatua mradi triga imeshikiliwa.

Aina tatu za kuzijua

*Magazini ya kuchomoa.* Ndiyo ya SMG, jina ambalo hapa Tanzania linatumika kwa bunduki za jamii ya AK-47. Imepinda kama ndizi na kwa kawaida hubeba risasi 30. Kupinda huko siyo urembo: ganda la risasi yake ni pana chini na jembamba juu, hivyo risasi zikipangwa nyingi zinafuata mkunjo.

*Magazini isiyochomolewa.* Hii ni ya SAR, bunduki ya nusu otomatiki ambayo duniani inajulikana zaidi kama SKS, iliyobuniwa na Mrusi Simonov mwaka 1945. Magazini yake imefungwa ndani ya mwili wa bunduki na inabeba risasi 10. Risasi huingizwa kwa juu, mara nyingi zikiwa zimepangwa kwenye kipande cha chuma kiitwacho klipu.

*Magazini ya bomba.* Ipo kwenye shotgun nyingi za "pump" wanazobeba walinzi. Ni bomba lililolala chini ya mtutu, na risasi hupangwa moja nyuma ya nyingine.

Gobore, linalofahamika sana kwa wawindaji wa vijijini, halina magazini kabisa. Baruti na risasi hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu.

Risasi moja, magazini tofauti

Hapa ndipo wengi huchanganya. SMG na SAR zinatumia risasi ileile, ya milimita 7.62 kwa 39. China, ambayo imeipatia Tanzania silaha tangu miaka ya 1960, ilizitengeneza zote mbili na kuzipa jina moja: Aina 56. Hata hivyo, magazini ya kawaida ya SMG haiingii kwenye SAR ya kawaida.

Mfano mwingine ni vz. 58 ya iliyokuwa Czechoslovakia. Kwa macho unaweza kuapa ni AK, inatumia risasi hiyohiyo na magazini yake inabeba 30, lakini magazini za bunduki hizo mbili hazibadilishani. Nako Kenya, polisi wamezoea G3 yenye magazini ya risasi 20. FAL ya Ubelgiji inatumia risasi sawa na G3, lakini kila moja ina magazini yake.

Ili magazini ikubali, vitu vitatu lazima vilingane: aina ya risasi, umbo la kasha na tundu linaloingia, na ndoano zinazoishikilia. Kimoja kikikosea, ama haiingii, ama inaingia na bunduki inakwama.

"Haina magazini" siyo "haina risasi"

Hili lishike kuliko yote. SMG ikichomolewa magazini, risasi moja inaweza kuwa imebaki kwenye chemba, na hiyo moja inatosha kuua. Kwa SAR na shotgun hatari inajificha zaidi, maana ukiitazama bunduki huoni kasha lililoning'inia, kumbe risasi zimejaa ndani. Bunduki yoyote ichukulie ina risasi mpaka mtu aliyefunzwa athibitishe vinginevyo.

Sheria inasemaje?

Umiliki wa silaha na risasi nchini unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na lazima uwe na kibali. Aidha, Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizoisaini, inataka raia wasimiliki kabisa bunduki za otomatiki na nusu otomatiki. SMG na SAR zote zinaangukia humo.

Ukiokota magazini au risasi

Iwe shambani, kwenye duara la zamani au kichakani, fanya hivi:

• Usiiguse wala kujaribu kuifungua. Wazuie watoto.

• Weka alama ya eneo, kisha mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, au piga polisi 112.

• Usiipeleke nyumbani "kuihifadhi". Ukikutwa nayo, kueleza ilikotoka itakuwa kazi. Namba ya bunduki kwa kawaida hugongwa kwenye mwili wa bunduki, hivyo magazini peke yake haisemi ilikuwa ya nani.

• Usiiuze kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Kama ina risasi ndani, moto au nyundo inaweza kuzilipua.

Kwa anayemiliki silaha isivyo halali, Serikali huwa inatoa vipindi vya msamaha vya kusalimisha kwa hiari, kama ilivyofanya Septemba na Oktoba 2023. Kipindi kama hicho kikitangazwa, silaha isalimishwe pamoja na magazini na risasi zake zote.