Reli, pekosi na panki: kelele za vijana zilizopitia Makambako

Julai 1976 China ilikabidhi rasmi reli ya TAZARA kwa Tanzania na Zambia: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, pamoja na kile kipande kigumu kuliko vyote, cha madaraja na mahandaki kati ya Mlimba na Makambako. Mwezi huohuo, tarehe 3, msichana aliyekuwa akitimiza miaka 19 aliingia katika ukumbi mmoja mjini Hastings, kusini mwa Uingereza, akaikuta bendi ambayo wengi hawakuwa wameisikia ikipiga magitaa kwa fujo. Bendi hiyo iliitwa Sex Pistols. Msichana alikuwa Marianne Elliott-Said, mama yake Mwingereza, baba yake Msomali. Alitoka ukumbini na azma ya kuunda bendi yake, na dunia ikaja kumjua kwa jina la Poly Styrene, mwimbaji wa X-Ray Spex. Kesho yake bendi nyingine ya panki, Clash, ilipanda jukwaani kwa mara ya kwanza huko Sheffield, na Ramones wa New York wakatumbuiza London.

Mwaka huohuo kundi la Sunburst la Dar es Salaam lilitoa sahani yake ndefu, Ave Africa. Ilirekodiwa Zambia.

Muziki wa panki ukisimuliwa kwetu, husimuliwa kama kioja cha Wazungu waliojichoma pini masikioni. Nadhani tunajinyima historia yetu wenyewe. Walichofanya vijana wale, yaani kuokota vya wakubwa, kuvikatakata, kuvivaa upya na kupiga kelele navyo hadi wakubwa wakasirike, kilikuwa kimefanyika Afrika Mashariki miaka mingi kabla yao na kimeendelea baada yao. Na sehemu kubwa ya habari hiyo imepita Makambako, pale barabara inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Mbeya na Tunduma, mwingine Njombe na Songea.

Tuanze na beni. Katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, vijana walianza kucheza ngoma kwa kuiga bendi za kijeshi za wakoloni. Walivaa kofia na sare, wakapeana vyeo, wakapiga gwaride barabarani na kushindana kundi kwa kundi. Ngoma ikashuka hadi Tanganyika. Askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza ya Dunia wakaisambaza bara, ikagawanyika kati ya Marini, waliojihesabu waungwana wa mjini, na Arinoti, kundi la watu wa kawaida. Wamisionari waliichukia. Maofisa wa serikali waliishuku, maana mtu mweusi aliyejivika cheo cha jenerali, hata kama ni cha ngoma, alikuwa amesema jambo ambalo barazani asingethubutu kulitamka. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni kitabu kizima mwaka 1975.

Njombe, ambako Makambako imo, haikuwa mbali na mambo hayo. Wilaya hii iliwatoa Wabena wengi waliokwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wengine wakaandikishwa kwenda migodini kusini mwa Afrika. Mtu wa manamba alirudi na blanketi, na pesa ya kodi ikiwa imesalia. Alirudi pia na nyimbo, mitindo ya nguo na namna mpya ya kutembea. Upande wa Ziwa Nyasa beni iligeuka mganda, ngoma ya mistari iliyonyooka na nguo nyeupe zilizopigwa pasi, ambayo wazee wa leo huihesabu kuwa mila kongwe. Vivyo hivyo kwenye migodi ya shaba ya Zambia beni ilizaa ngoma ya kalela. Kilichoitwa uhuni na kizazi kimoja huingizwa na wajukuu kwenye sherehe za kitaifa.

Uhuru ulipokuja, ugomvi ulibadilika. Mwalimu Nyerere, akihutubia mwaka 1962 alipounda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, alisikitika kwamba wasomi walifundishwa dansi za Wazungu na kuzipuuza ngoma za kwao. Sikitiko hilo lilikuwa na haki. Namna lilivyotekelezwa baadaye ni habari nyingine. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio dhidi ya vimini, mawigi, vipodozi vya kung'arisha ngozi na suruali za kubana, na Operesheni Vijana ikapangwa kuanza rasmi Januari 1, 1969. Tarehe haikusubiriwa. Oktoba ileile, Kariakoo, wasichana walishambuliwa na makundi ya vijana kwa sababu ya urefu wa sketi zao. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku jijini.

Nikisoma habari za miezi ile huwaza zaidi juu ya wale wasichana kuliko maazimio. Wengi walikuwa makarani na wapiga taipu, wakilipwa mshahara wao wenyewe. Sketi fupi ilikuwa tangazo kwamba mwenye mwili na mwenye mshahara ni mmoja. Miaka minane baadaye Poly Styrene, aliyekuwa na kibanda cha nguo na vikorokoro vya plastiki katika soko la Beaufort, London, alisimama jukwaani na waya za kunyoosha meno mdomoni, akaimba juu ya wanawake wanaogeuzwa bidhaa. Albamu yake, Germfree Adolescents, ilitoka 1978. Aprili 30 mwaka huo X-Ray Spex na Clash walipiga katika bustani ya Victoria, London, kwenye tamasha la kupinga ubaguzi wa rangi lililojaza makumi ya maelfu ya watu. Binti wa Msomali hakuwa mgeni mwalikwa katika panki. Alikuwa mmoja wa walioiunda.

Kwetu, marufuku hazikuua kitu. Miaka ya 1970 ikaja na suruali za pekosi na bugaluu, viatu vya raizoni vilivyomwinua mtu nusu futi, na nywele za afro zilizochanwa kwa kitana cha meno marefu. Waulize waliokuwa sekondari wakati huo kuhusu mkasi wa mwalimu wa zamu.

Hapo ndipo reli inapoingia. Mwisho wake wa pili ulikuwa Zambia, na Zambia ya wakati ule ilikuwa na bendi za roki zisizo na mfano Afrika. Shaba ilikuwa imeleta fedha, na fedha zikaleta magitaa ya umeme. Rais Kenneth Kaunda naye aliagiza redio ipige asilimia 95 ya muziki wa nyumbani, basi vijana waliolelewa na sahani za Uingereza na Marekani wakatengeneza roki ya kwao, inayojulikana leo kama Zamrock. Kulikuwa na WITCH ya Emanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger. Walikuwapo Amanaz, na Musi-O-Tunya waliokwenda kuishi na kurekodi Nairobi. Alikuwapo Paul Ngozi na Ngozi Family yake. Sikiliza 45,000 Volts ya mwaka 1977: gitaa linakwaruza kama msumeno ulioingia kwenye fundo la mti, ngoma ni chache, sauti haijapambwa. Wapenzi wa muziki Ulaya wanapoisikia leo huishiwa maneno na kusema tu kwamba ni panki iliyozaliwa bila kujua kuna panki.

Njia ya watu hao ilipita Makambako. Kutoka Lusaka kwenda Nairobi au Dar es Salaam kwa nchi kavu, njia ni Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa. Sunburst, na mwimbaji wao James Mpungo, walikwenda upande ule kutafuta studio, wakiwa na mchanganyiko wao wa roki, soul na midundo ya nyumbani walioupa jina la Kitoto.

Kisha bei ya shaba ikaporomoka, na baadaye UKIMWI ukawachukua wengi wa wanamuziki wa Zamrock. Waliobaki walisahauliwa kwa miaka zaidi ya 30, hadi kampuni za nje zilipoanza kuzichapa upya santuri zao. Kazi zote za Sunburst zilirudi sokoni mwaka 2016 kupitia kampuni ya London. WITCH, na Jagari akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70, walitoa albamu mpya, Zango, mwaka 2023. Nafurahi kwa ajili yao, na naumia kwamba ilibidi mgeni avuke bahari kuja kuokota kilichokuwa kimelala kwenye makabati yetu. Mkoa wa Njombe, tangu uanzishwe mwaka 2012, una maofisa utamaduni. Kazi ya kuwakalisha wazee waliocheza dansi Makambako na Njombe katika miaka ya 1970, kuwarekodi na kuzipiga nakala picha zao, haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji ianze sasa, kwa sababu waliovaa pekosi wakiwa na miaka 20 wamezeeka.

Tukirudi kwenye mavazi, miaka ya mwanzo ya 1980 nguo ziliadimika nchini. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia 1984, na Mzee Ruksa, Ali Hassan Mwinyi, alipoingia Ikulu mwaka uliofuata, mitumba ikamiminika. Barabara ya lami kutoka Makambako hadi Songea nayo ilijengwa katika muongo huohuo kwa fedha za Uingereza, na mizigo ikapata njia ya kwenda kusini.

Belo likifunguliwa sokoni Makambako, wanunuzi wanasimama tayari wamekunja mikono ya mashati. Nyaya zinakatwa, nguo zinavimba zikijitoa kwenye mgandamizo, na harufu ya dawa inapanda. Fulana za bendi huwa katikati ya jezi na sare za shule za watu wengine. Nimeziona zenye nembo ya duara na tai ya Ramones zikining'inia kwenye henga, bei sawa na fulana ya benki. Koti la ngozi jeusi, alama ya panki kote duniani, hapa lina kazi ya lazima: Juni na Julai Njombe baridi inagandisha majani ya viazi asubuhi, na dereva wa bodaboda asiye na koti zito hatafika Kibena. Ukiwatazama wamejipanga kijiweni, kola zimesimama, utadhani wamepangwa na mpiga picha.

Kichwani kuna panki yenyewe. Ndivyo vinyozi wetu walivyoita ule mkato wa kunyoa pembeni na kuacha mgongo wa nywele katikati, kabla jina la kiduku halijatawala. Wapanki wa Uingereza waliukuza kufikia 1980, wakiuazima kwa watu wa asili wa Amerika Kaskazini bila kuwaomba. Kwetu, naamini, ulienezwa na mpira kuliko muziki. David Beckham alinyoa hivyo mwaka 2001. Mario Balotelli aliwafunga Wajerumani mabao mawili katika nusu fainali ya Euro, Juni 28, 2012, akiwa na kichwa hichohicho, na vibanda umiza vilikuwa vimejaa. Kwenye saluni za kiume za Makambako mkato huo upo bado kwenye bango la ukutani, una namba yake, na mteja anaonyesha kwa kidole. Na bado kuna shule ambako mwanafunzi mwenye kiduku hurudishwa kutoka getini, kama baba yake alivyorudishwa kwa pekosi.

Nguo na nywele zilikuja kama mabaki. Sauti ilitoka nyumbani. Mitaa ya Dar es Salaam ilizaa mchiriku katika miaka ya 1990: kinanda kidogo cha Casio, ngoma za Kizaramo, na vipaza sauti vibovu vilivyoachwa vikwaruze kwa makusudi. Jagwa Music walioufikisha Ulaya walitoa albamu ya Bongo Hotheads mwaka 2012, na waandishi wa huko wakawaita wapanki kabla ya kuuliza mchiriku ni nini. Kutoka kwenye mchiriku, taarabu na sherehe za vigodoro za Tandale na Manzese ikaja singeli, mapigo 200 hata 300 kwa dakika, inayotengenezwa kwenye kompyuta moja ndani ya chumba kimoja. Studio ya Sisso ya Mburahati ilisikika duniani mwaka 2017 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, kampuni ileile iliyotoa mwaka 2020 albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi wanaopiga muziki mzito wa kutisha. Nairobi hiyohiyo ina Crystal Axis, bendi ya panki iliyoimba juu ya vyumba vya mateso vya Nyayo House. Ni wimbo ambao kizazi cha wazazi wao kingefungwa kwa kuunong'ona tu.

Dola haijaacha kusikiliza. Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo, kisha Rais John Magufuli akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wote wawili, aliyekamata na aliyeachia, walikubaliana bila kusema kwamba wimbo wa dakika chache una uzito.

Usiku, mabasi na malori yakisimama Makambako, singeli ndiyo inayotoka kwenye spika za wauza nyama choma na vifaa vya simu. Kijana wa hapa anayejifunza kutengeneza biti kwenye kompyuta ya mtumba amekwishapata walichopata Paul Ngozi na Poly Styrene: kifaa kibovu, hasira, na watu wa kumsikiliza mtaani. Anachokosa ni redio ya mkoani itakayoupiga wimbo wake mchana, jina lake likitajwa, bila kwanza kusubiri Dar es Salaam imkubali.