Walinzi wa Uhai: Bachwezi na Embandwa katika Historia ya Buhaya

Kabla ya kuja kwa dini za kitabu, nchi ya Wahaya, iliyo upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ilikuwa na dini yake, yenye makuhani, mahali patakatifu, sadaka na masimulizi yaliyofungamana sana na utawala. Katika maandishi ya Kiswahili dini hiyo hutajwa kwa maneno machache tu: mara huitwa pepo, mara mizimu, na mara nyingi zaidi mashetani. Maneno hayo yamefanya kazi kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Yamemfundisha msomaji wa Kiswahili kuwatazama Bachwezi kama viumbe vinavyomwingia mtu ili kumtesa, hali katika Kihaya wanaonekana kuwa ni jamii ya walinzi, kila mmoja na sehemu yake ya uhai wa nchi, na wote kwa pamoja mali ya watu wote. Hoja ya makala haya ni kwamba historia ya dini hiyo haiwezi kuandikwa sawasawa mpaka kwanza maneno ya wenyewe yapewe haki yao.

Buhaya haikuwa nchi ya mfalme mmoja. Kaskazini palikuwa na Kiziba, ambayo siku hizi imo zaidi katika Wilaya ya Missenyi. Pwani ya ziwa, karibu na mji wa Bukoba, palikuwa na Kyamutwara, ambayo baadaye iligawanyika. Na kusini palikuwa na Ihangiro, inayokaa katika Wilaya ya Muleba ya leo. Kiziba ilitawaliwa na ukoo wa Babito wenye asili ya Bunyoro, na nchi nyingine nyingi zilikuwa chini ya Bahinda. Koo za wafalme zilitofautiana, wala wafalme hao hawakupendana siku zote. Lakini majina ya Bachwezi yalitajwa toka Kiziba hata Ihangiro, na kuvuka mipaka yao hata Karagwe, Ankole na Bunyoro. Kwa hiyo dini hii ilikuwa pana kuliko dola yoyote iliyoitumia.

Na tuanze na majina. Mwumba ni Ruhanga, na jina lake lingine ni Rugaba. Msomaji wa Kiswahili atayaona majina haya kuwa ya kigeni, lakini si mageni hata kidogo. Herufi *p* ya Kiswahili, isipotanguliwa na *m* au *n*, hulingana katika Kihaya na *h*: Kiswahili husema *kupa*, Kihaya husema *okuha*. Basi *okuhanga*, yaani kuumba, ni ndugu wa *kupanga*, na Ruhanga ni yule aliyeupanga ulimwengu. Tena *b* ya Kihaya katika Kiswahili huwa *w*, au hutoweka kabisa: *abantu* ni watu, *okubona* ni kuona. Kwa kanuni hiyo hiyo *okugaba* ni kugawa, na Rugaba ni Mgawaji. Jua kwa Kihaya ni *izoba*, na Kazoba ni Muchwezi wa jua. Irungu, mlinzi wa pori, wawindaji na wasafiri, ana jina lenyewe la nyika. Vivyo hivyo katika Luganda *eddungu* ni nyika, na Ddungu ni mungu wa uwindaji. Mugasha wa ziwa anajulikana katika Buganda kwa jina la Mukasa, na Wamara, aliye mkuu wao wote, huko ni Wamala, ambaye ziwa moja la Uganda limeitwa kwa jina lake.

Jambo linalofaa kuangaliwa ni hili, ya kwamba majina hayo mengi yanataja kazi au mahali. Hayataji hofu. Aliyepanga, aliyegawa, jua, nyika: hii ni orodha ya mambo ambayo mtu hawezi kuishi bila ya hayo.

Neno *embandwa* lataka maelezo zaidi, kwa sababu hapa Kiswahili kimeweka mtego. Mswahili husema kwamba fulani *amepandwa na pepo*, na asikiapo Mhaya akisema *okubandwa* hudhani mara moja kwamba ni neno moja lililotamkwa kwa namna mbili. Sivyo. Kwa kanuni iliyotajwa, *p* ya kupanda ingekuwa *h* katika Kihaya, wala isingekuwa *b*. Mfanano huo ni wa bahati tu. Asili ya *-banda* katika lugha za maziwa makuu ni kukandamiza, na *okubandwa* ni kukandamizwa, kubebeshwa uzito. Mpagawa wa pwani hupandwa kama mnyama apandwavyo na mtu. Embandwa wa Buhaya huwekewa mzigo juu yake, na mzigo ni kitu ambacho mtu hukibeba kwa ajili ya wengine.

Sarufi nayo ina neno. Omuchwezi na Abachwezi wamo katika ngeli ya watu. Embandwa imo katika ngeli ya nomino zenye umbo moja katika umoja na wingi, ngeli ambayo wanyama wengi na vyombo vingi vimo. Mungu ni mtu, na kuhani wake ni chombo. Si vema kuutilia maanani mno ushahidi wa ngeli, maana ngeli hukusanya vitu kwa sababu nyingi, na nyingine zimekwisha sahauliwa. Hata hivyo unapatana na desturi yenyewe: embandwa aliweza kuwa mwanamume au mwanamke, na mwanamke aliyebeba Muchwezi wa kiume alisema na kuheshimiwa kama Muchwezi mwenyewe, maana aliyesikilizwa hakuwa yeye. Lazima pia kutofautisha Bachwezi na *bazimu*. Bazimu ni roho za wazee waliokufa, na kila nyumba ilikuwa na wa kwake. Neno ni lile lile mzimu la Kiswahili. Mtu alimtambikia babu yake kwa haja za nyumba yake. Bachwezi hawakuwa babu wa nyumba moja. Ukoo uliweza kushikamana zaidi na Muchwezi fulani, lakini haukuweza kumzuia jirani asimwendee.

Juu ya asili ya ulinzi huo kuna kisa ambacho Ford na Hall walikiandika katika historia yao ya Karagwe iliyotolewa mwaka 1947, na ambacho husimuliwa kwa namna mbalimbali. Wamara pamoja na wenzake walishuka kuzimu wakafika kwa mfalme Kintu. Kintu aliwapokea vizuri, akawapa mifugo na mbegu waje nazo duniani. Walirudi wakatajirika, na nchi ikashiba. Lakini Wamara alisahau kurudisha shukrani. Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, akamdai Wamara deni lake, na mwishowe Bachwezi wakaondoka katika dunia ya watu wanaoonekana. Tangu hapo husemeka tu kwa vinywa vya embandwa.

Kisa hiki kimesomwa na wengi kama hadithi ya kuangamia kwa dola. Chaweza kusomwa hivyo. Lakini kilicho katikati yake ni deni. Uhai wa nchi ulikuja kama zawadi, zawadi ikadai jibu, na jibu lilipokosekana kikaja kifo. Mtu aliyepeleka buni, au kibuyu cha pombe ya ndizi, mbele ya kibanda cha Muchwezi hakuwa akimnunua mungu, bali alikuwa akilipa kidogo kidogo deni ambalo Wamara alilisahau. Kahawa hasa ilifaa kwa kazi hiyo. Wahaya waliijua kahawa ya robusta muda mrefu kabla ya kuwa zao la kuuzwa ng'ambo. Buni zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa, zikatafunwa. Mgeni alipewa buni, na waliofanya undugu wa kuchanjana walikula buni iliyotiwa damu. Mchwezi basi alipokewa kama mgeni mheshimiwa apokewavyo.

Ulinzi wa Mugasha ndio uliokuwa karibu zaidi na watu wa pwani ya ziwa. Msomaji asiyeyaona maji yale asidhani ya kuwa ziwa ni bwawa kubwa tu. Dhoruba huinuka ghafula, na visiwa vya Muleba, kama Bumbire, huweza kupotea machoni kwa muda mfupi. (Hata meli ya chuma haikusalimika: tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikienda Mwanza, ilizama pamoja na mamia ya watu.) Mugasha alikuwa na amri juu ya maji na tufani, kwa hiyo alikuwa na amri juu ya mvua pia, na juu ya migomba ambayo tufani huiangusha. Mvuvi wa kisiwani na mkulima aliyekaa juu kwenye kibanja chake walimhitaji mlinzi mmoja. Hapo ndipo ilipoonekana maana ya ushirika wa Bachwezi: maisha ya Buhaya hayakukatika vipande, wala walinzi wake hawakuweza kutengana.

Wafalme walilijua jambo hili vizuri, na halikuwapendeza siku zote. Masimulizi ya Bahinda yanasema kwamba Ruhinda, mwanzilishi wa ukoo wao, alikuwa mwana wa Wamara kwa kijakazi aitwaye Njunaki. Nasaba hii ni ya kisiasa waziwazi. Mgeni aliyekuja kutawala alijitia katika ukoo wa miungu ambayo wenyeji walikwisha kuiheshimu, naye akaingia kwa mlango wa kijakazi, kana kwamba hata watungaji wa habari hawakuthubutu kudai zaidi. Embandwa aliweza kumwambia mfalme maneno ambayo mtu mwingine angeadhibiwa kwa kuyasema, kwa kuwa aliyesema ni Muchwezi. Basi wafalme wakatafuta kuwafunga makuhani kwa hisani, kwa kuwapa ardhi na kuyatia makao matakatifu katika ibada za ikulu, kama vile ibada za mwandamo wa mwezi.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Katuruka, katika Maruku, Bukoba Vijijini. Hapo palikuwa na makao ya Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara wa karne ya 17. Wenyeji husimulia kwamba alijenga mnara wa chuma ufike mbinguni, ukaanguka. Hapo pia palikuwa na mti mtakatifu uitwao Kaiija, jina lenye maana ya mahali pa uhunzi. Mwamerika Peter Schmidt aliyafuata masimulizi hayo, akachimba tangu mwaka 1970, akakuta mabaki ya kazi za chuma za miaka ipatayo elfu mbili iliyopita. Mfalme, basi, aliweka makao yake juu ya mahali palipokuwa patakatifu kabla ya ukoo wake haujazaliwa, na masimulizi yalihifadhi kumbukumbu ya chuma hicho bila ya kitabu. Waliozitunza kumbukumbu za namna hiyo ni watu wa dini hii hii iliyoitwa ya mashetani.

Wajerumani walijenga boma Bukoba mwaka 1890, na Mapadre Weupe, wakitokea Buganda, walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892. Vitabu vya kwanza vya dini vilikuja kwa Luganda, na jina Katonda likaja pamoja navyo. Walutheri wa Bethel walifika mwaka 1910. Ukristo ulishika mizizi haraka. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa upande wa Kamachumu, Muleba, mwaka 1912, aliwekwa mwaka 1960 kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati hizi. Mwumba wa Wahaya hakuleta shida kubwa kwa walimu wa dini mpya, kwani aliweza kupewa jina lingine na kubaki. Bachwezi hawakuwa na nafasi. Hawakuweza kuwa Mungu, wala hawakuitwa malaika. Likabaki neno moja tu, na neno hilo likaamua mambo mengi. Kibanda cha mlinzi chaweza kuachwa polepole, lakini kibanda cha shetani sharti kichomwe. Haki yataka isemwe pia kwamba baadhi ya mapadre, kama Edmond Césard katika miaka ya 1920 na 1930, waliandika habari za Wahaya kwa uangalifu mwingi, na kwamba Francis Lwamgira, aliyekuwa Mkristo, ndiye aliyetuachia kwa Kihaya *Amakuru ga Kiziba*, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1949.

Wataalamu wa historia nao walikosea kwa njia yao. Katika miaka ya 1950 shauri kubwa lilikuwa kujua kama Bachwezi walikuwa wafalme wa kweli. Roland Oliver aliuliza swali hilo mwaka 1953 katika jarida la Uganda. Mwaka 1958 Wrigley alijibu kwamba walikuwa miungu tangu mwanzo. Maboma ya udongo ya Bigo yakachimbwa, na dola ikatafutwa ndani ya mahandaki. Shauri hilo lilikuwa la maana, lakini liliacha kando swali ambalo Mhaya angeliuliza kwanza, yaani Bachwezi wanalinda nini. Iris Berger, katika kitabu chake cha mwaka 1981, alilirudisha swali hilo mahali pake alipoonyesha jinsi vyama vya kubandwa vilivyowapa watu wa kawaida, na wanawake hasa, sauti mbele ya utawala.

Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu, na ibada zilizotegemea ikulu zikakosa mwenyeji. Pigo lililofuata halikutoka serikalini wala kanisani. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa Kagera, na katika miaka iliyofuata vijiji vya Bukoba na Muleba viliwazika watu ambao kwa desturi ndio wangepokea habari kutoka kwa wazee. Schmidt aliporudi Katuruka aliwakuta watu wa kijiji wamekwisha lijua pengo hilo wao wenyewe. Tangu mwaka 2008 walishika kazi ya kupatunza mahali pao na kukusanya masimulizi yaliyosalia, na katika kuuliza huko iligunduliwa kwamba wanawake wazee, ambao watafiti wa kwanza hawakuwauliza sana, walikuwa na mengi ya kueleza.